Kaburi Tulilolifagia Si Letu

Mwanangu Domitila,

Umekwenda kuaga kwa shangazi yako, na mama yako yuko jikoni anakukaangia karanga za safari. Basi nimepata nafasi ya kukaa kwenye meza yako na kuchukua kalamu yako bila kuomba. Kalamu utanisamehe. Hayo mengine sijui.

Sitakuambia ule vizuri, wala usiazime nguo za wenzako, wala uchague marafiki. Hayo mama yako amekujaza masikioni tangu Jumapili na bado ana akiba. Mimi nimekaa hapa kwa sababu wiki mbili sasa tunapishana humu ndani kama wapangaji. Unaniamkia, naitikia, basi. Unaniwekea chakula, unatoka. Kesho asubuhi unapanda basi kwenda Mwanza, chuoni, na nikikuacha uondoke na maneno yale niliyokutupia, nitakuwa baba wa ovyo kuliko nilivyo sasa, na nilivyo sasa inatosha.

Ninaandika Kiswahili. Kihangaza ndicho tunachogombana na kucheka nacho, ila ndicho pia ninachojua kukwepa nacho. Kiswahili kwangu ni cha shule na ofisini. Nikikiandika najiona nimesimamishwa mbele ya mwalimu, na leo nahitaji kusimamishwa.

Nianze na siku ile ya daftari. Ulirudi kutoka Biharamulo umejaa vumbi mpaka kwenye kope, na kabla hujaweka mkoba ukasema, “Baba! Nimempata babu Misigaro!” Ulikuwa unacheka. Ukakaa kwenye kigoda ukanieleza hatua kwa hatua, nami nikakuacha ueleze. Padri wa parokia yetu alikupa vile vitabu vya zamani uvinakili kwa sababu mchwa wameanza kuvila na mwandiko wako unasomeka. Ukakutana na jina la babu yangu, mzaa baba, Balitazari Misigaro, kwenye kitabu cha ubatizo, na pembeni mtu ameandika kwa wino mwembamba kwamba amehamia misheni ya Biharamulo. Mwingine angenakili akageuza ukurasa. Wewe ukalishika hilo neno la pembeni usiliachie. Ulipokwenda Biharamulo kugonga mihuri kwenye fomu zako, ukaomba huko nako wakufungulie kitabu cha wafu, na katekista akakaa nawe mkafuata mistari kwa kidole mpaka mkamwona. Mpasua mbao. Amezikwa Nyamigogo. Na chini yake padri wa wakati ule akaongeza kwamba marehemu aliomba ndugu zake wa Ngara wapelekewe habari.

Hukuishia hapo. Ukapanda pikipiki mpaka Nyamigogo, ukauliza nyumba kwa nyumba, na bibi kizee mmoja akakuonyesha nyuma ya shamba la mihogo mawe matatu na mlamula, huo mmea tunaoupanda kwenye mipaka na makaburi, umerefuka kumpita mtu. Ukang'oa magugu kwa mikono. Kucha zako zilikuwa bado nyeusi uliponisimulia.

Kisha ukaniuliza swali ambalo mtoto mwenye akili lazima aulize. “Sasa baba, kama babu yuko Nyamigogo, pale chini tunamfagia nani?”

Nikakujibuje? Nilisimama nikapiga kelele. Nikasema vitabu vya mapadri vimejaa makosa, kwamba Mzungu hakujua kumtofautisha Misigaro na Misigaro mwingine. Nikasema shule imekupa kiburi cha kuhesabu wafu. Nikakuita shushushu. Mwanangu mwenyewe, ndani ya nyumba yangu, nikamwita shushushu! Ukafunga daftari taratibu, ukaenda kumsaidia mama yako kumenya ndizi, na hujalifungua tena mbele yangu.

Haikuwa hasira, Domitila. Ilikuwa aibu, ila imevaa koti la hasira ili itoke nje. Wewe hukukosea. Kitabu hakikukosea. Sasa naacha kuzunguka mbuyu.

Babu yangu Misigaro sikumfahamu. Nilichokijua ni hiki tu: aligombana na ndugu zake kule Murusagamba, akaondoka asubuhi moja, hakurudi. Watu wakasema amevuka mto kwenda Burundi, eti ndiko kwao, na kwamba kuna mwanamke. Baba yangu alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi wakati huo. Alikua na hasira hiyo, akahamia hapa Keza na mama yake, akapewa kibanja hiki, uwanja na migomba yake, na jina la Misigaro halikutajwa tena chini ya paa lake. Nilijaribu kuuliza mara moja nikiwa darasa la nne. Nilipata kofi. Nikakua nikiamini nina babu Mrundi mtoro, na kwa kuwa niliona haya, sikumuuliza mtu mwingine yeyote. Kitabu kilikuwa parokiani wakati wote huo. Ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Nimepita mlangoni pake kila Jumapili ya maisha yangu nikienda kusali.

Ile miaka wakimbizi walipojaa unaikumbuka kidogo, ulikuwa mdogo. Vilima vilikuwa vyeupe kwa maturubai. Kuni ziliisha, visima vilikauka, na sisi wenyeji tukaanza kutazamana vibaya, huyu wa wapi, yule kaja lini. Wanyarwanda wakarudishwa kwao, Warundi wakabaki, na ikasemwa kwamba Warundi wengine wamejificha vijijini miongoni mwetu, wameoa, wamepanda migomba, nao wanatakiwa kukusanywa kambini. Ikaundwa kamati: wazee watatu, karani mmoja, na mgambo wawili wenye bunduki. Walipita kitongoji kwa kitongoji. Unajua walitaka nini? Hawakutaka karatasi, nani alikuwa na karatasi! Walitaka makaburi. Sisi huzika kwenye kibanja, kati ya migomba, kwa hiyo mwenye kaburi ndiye mwenye ardhi, na mwenye ardhi ndiye mwenyeji. “Tuonyeshe babu yako amelala wapi.” Kaburi la baba halikutosha. Baba anaweza kuwa alikuja juzi, walisema. Wanataka babu.

Nilisikia habari hizo siku mbili kabla hawajafika kwetu. Sikulala. Nilikuwa na kaburi la baba, la bibi, la kaka yako aliyefariki mchanga. Babu sikuwa naye. Nikamwona Zakaria wa kule mtoni akifunga godoro lake kwa kamba huku watoto wake wanalia, kwa sababu babu yake alizikwa Kibondo na hakuna wa kumthibitishia. Nikakutazama wewe, ulikuwa darasa la pili, umelala na daftari lako la hesabu kichwani. Nikasema, sitakwenda. Haki ya Mungu, mimi na wanangu hatuendi kukaa chini ya turubai.

Sasa sikiliza. Mpakani, kati ya kibanja chetu na kile cha chini, kulikuwa na rundo la mawe na milamula miwili. Lilikuwa kaburi la Mzee Bitegeko, baba mkwe wa Bibi Veronika. Bibi Veronika unamkumbuka. Ndiye aliyekubeba mgongoni mama yako alipolazwa hospitali, akakufundisha kuchambua maharage, ukawa unamwita bibi kuliko unavyomwita bibi yako. Mumewe alikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, akafia hukohuko, hakuletwa. Mtoto wa kiume hakujaliwa. Kaburi pekee alilokuwa nalo ni lile la mkwe wake, na lilikuwa upande wake wa mpaka, hatua tano hivi. Kila mtu wa zamani alijua. Ila wengi wa zamani walikuwa wamekwisha kufa.

Kamati ilipofika, Bibi Veronika hakuwepo. Alikuwa amekwenda Murusagamba kwenye msiba wa dada yake. Mzee wa kamati akaniuliza, “Gervas, babu yako yuko wapi?” Nami nikanyoosha mkono. Sikufikiri. Au niseme kweli, nilikuwa nimefikiri usiku mbili, na mkono ulijua njia. “Pale,” nikasema. “Balitazari Misigaro. Amelala pale.” Karani akaandika. Wakanipa mkono, wakanywa maji, wakaenda kwa jirani.

Bibi Veronika alirudi kesho yake. Wakamwita. Akawapeleka, mama wa watu, anatembea kwa fimbo yake, hana wasiwasi hata kidogo, akawaonyesha yale mawe. “Huyu ni mkwe wangu, Bitegeko.” Karani akafungua kitabu chake. Mmoja wa wale wazee akacheka. “Mama, kaburi moja linalala mababu wangapi?” Akasema alizaliwa Murusagamba, akabatizwa hapahapa Ngara, akaolewa hapahapa. Wakasema Murusagamba ni mpakani, kila Mrundi husema katoka huko, halafu lafudhi yake hawaipendi. Lafudhi! Sisi sote tunaongea hivyohivyo.

Wakaniita.

Watu walikuwa wamejaa pale, majirani wote. Walitazama miguu yao, maana kila mmoja alikuwa na babu yake wa kutafuta. Mzee wa kamati akaniuliza mbele yake, “Gervas, rudia. Huyu ni nani?” Bibi Veronika akageuka akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananisubiri tu niseme ili yaishe tukapike. Alidhani karani ndiye kakosea.

Nikamtazama kwa macho makavu, nikasema, “Ni babu yangu.”

Hakupiga kelele. Nimetamani miaka yote hii angepiga kelele, angenilaani, angenitupia ile fimbo. Alisema, “Gervas?” Hivyo tu, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili. Kisha akaenda ndani kufunga kitambaa chake, sufuria moja, na picha ya Bikira Maria. Lori lilimchukua jioni hiyo. Wewe ulipotoka shule ukaniuliza bibi yuko wapi, nikakwambia amekwenda kwa ndugu zake. Ukalia siku tatu. Mimi nikakukemea kwa kulia.

Mwanangu, nimekuwa na miaka mingi ya kujiuliza ni wakati gani hasa niliharibu. Si pale kaburini mara ya kwanza. Pale niliogopa, na mwoga anaweza kurudi akasema niliogopa. Niliharibu mara ya pili, aliponitazama. Nilikuwa na nafasi ya kupumua. Mzee aliniambia “rudia”, akanipa mlango wazi, nikaufunga mwenyewe. Ukijikuta siku moja umeulizwa jambo mbele ya watu, na jibu limekwisha kukaa mdomoni kabla swali halijaisha, omba maji ya kunywa. Nasema kweli. Omba maji, unywe polepole, watu wasubiri. Mimi ningeokolewa na kikombe cha maji.

Baada ya hapo niligundua kwamba ukishasema uongo wa kaburi, lazima uutunze. Watu wangeweza kukumbuka. Basi nikanunua saruji mfuko nusu, nikatengeneza msalaba, na saruji ikiwa mbichi nikaandika kwa msumari: BALITAZARI MISIGARO. Ndio ule. Ndio ule uliokuwa unauosha kwa brashi kila Siku ya Marehemu Wote, unaweka maua ya njano, unapiga magoti na sketi yako nyeupe ya Komunyo. Mimi nimesimama nyuma yako na kofia mkononi, nasema “raha ya milele umpe ee Bwana”, na ninayemwombea jina lake silitaji. Nimekufundisha kumwombea mtu wa watu kwa jina la kuiba. Kuna siku ulisema unahisi babu anakusikia. Nilikwenda shambani nikalima mpaka mikono ikatoka malengelenge.

Na kibanja cha chini? Kwanza nilisema nakitunza tu. Kisha nikakata majani makavu, nikapalilia, nikavuna ndizi ili zisiozee mtini. Mwaka wa tatu nikang'oa ua wa mpakani. Hivyo ndivyo kilivyokuja kuitwa “shamba la chini” na wewe umekulia ndizi zake. Umewahi kuona mama yako akikata mkungu kule? Fikiria vizuri. Hajakata hata mmoja. Anasema kiuno, mteremko unamuuma. Mama yako hana kiuno kibovu. Siku ile lori lilipoondoka aliniambia, “Gervas, mimi nitakaa na wewe kwa ajili ya watoto, lakini kule usinitume.” Hajarudia, wala sijamtuma. Akipika za kule anatupakulia sisi, yeye anakula viazi.

Sasa nikueleze jambo ambalo hata mama yako halijui.

Mwaka juzi nilipeleka ndizi kwa baiskeli kwenye soko la kambini. Mikungu minne, miwili kila upande. Nimepanga chini, nimekaa juu ya jiwe, napiga soga na muuza chumvi. Akaja bibi mmoja mwembamba, ameshika mfuko wa unga wa posho, akainama, akaupiga mkungu vidole kama anayesikiliza. Akaugeuza. Akasema, bila kuniangalia, “Hizi ni za karibu na mfereji.”

Nilimtambua kwa sauti. Uso nisingeutambua.

“Bibi,” nikasema.

“Ule mgomba wa pale kichwani kwa mkwe wangu bado unazaa?”

Nilichukua mkungu mkubwa nikampa mikononi, nikausukuma kabisa kifuani pake, chukua bibi, chukua wote. Aliupokea, maana mtu ukimpa kitu hupokea, kisha akauinamisha akauweka chini pole pole, pale ulipokuwa. Akafunga mdomo wa mfuko wake wa unga. “Nimepata posho leo,” akasema. “Msalimie mtoto.”

Mtoto ni wewe. Salamu zako hizo, nimezikalia miaka miwili.

Kwa hiyo ulipokuja na daftari, Domitila, hukuja na habari ya babu tu. Ulikuja kuniambia kwamba sikuwa na haja. Elewa jinsi jambo hilo lilivyonikata. Miaka yote nilijitetea kichwani: nilifanya ubaya, ndiyo, lakini nilikuwa na babu Mrundi na watoto wadogo, ningefanyaje? Kumbe babu yangu alibatizwa Ngara, akapasua mbao Biharamulo, akafa akiwaulizia ndugu zake. Mwenyeji kuliko wale wazee wa kamati wote. Ningetembea saa mbili, nikabisha mlango, nikaomba kitabu, nikaonyeshwa mstari mmoja. Bibi Veronika angekuwa anaota jua kwenye uwanja wake leo. Nilimuuza kwa kitu nilichokuwa nacho tayari. Naona aibu, mwanangu. Naona aibu ya kufanya ubaya na naona aibu ya ujinga wenyewe, na sijui ipi inaniuma zaidi nikiamka.

Naona aibu hata kwa ajili ya Misigaro. Mtu amelala Nyamigogo kwa watu baki, na ndugu zake wa Ngara wamempa jina lake marehemu mwingine. Wewe peke yako ndiye uliyekwenda.

Kuna moja zaidi la kuungama. Jumatano ulipokwenda kisimani nililifungua daftari lako. Nilitaka kusoma tena ule mstari wa Nyamigogo. Nikaukuta, na ukurasa unaofuata nikakuta umenakili mwingine ambao hukuniambia: Bitegeko, amezikwa Keza, kwenye kibanja chake, mpakani. Na chini yake ndoa ya mwanawe: Veronika, mzaliwa wa Murusagamba, amebatizwa parokia hii. Umeupigia mstari mara mbili.

Kumbe ulijua. Tangu siku ile uliponiuliza, ulijua. Umeniamkia wiki mbili, asubuhi kwa asubuhi, unajua, unasubiri niseme mwenyewe. Nami nikawa nafikiri umenuna kwa sababu ya neno shushushu!

Basi jana nilikwenda mpaka kwenye uzio wa kambi. Unajua kambi inafungwa. Orodha za wanaorudishwa Burundi zimebandikwa kwenye ubao, na jina lake nimelisoma kwa macho yangu. Anapelekwa kwenye nchi ambako hajawahi kulala hata usiku mmoja, na umri ule. Nilisoma, nikageuza baiskeli nikarudi nyumbani. Ndivyo nilivyo, nakwambia ili usinidhanie. Jana hiyohiyo, baada ya kuamua, nilirudi nyuma.

Leo asubuhi sikujiamini tena, nikaenda kwa padri nikamwambia yote, si kitubio, mezani, mlango wazi, mpishi wake anasikia. Nilitaka asikie. Padri akauliza, “Uko tayari kusema hivi mbele ya watu?” Maana pingamizi hupokelewa pale kambini, asubuhi majina yakisomwa, kwa sauti, kila mtu anasikia. Nikasema niko tayari. Atakuja na kitabu chenyewe. Nikamwambia wewe ndiye uliyeupata ule ukurasa. Alitabasamu kidogo akasema alijua, ulikwisha kumwonyesha.

Mchana huu nimeutoa ule msalaba. Umevunjika vipande viwili, umekaa nyuma ya banda la mbuzi. Kama Bibi Veronika atarudi, kibanja ni chake na migomba yote, na nitaurudisha ua kwa mikono yangu. Kama hatataka kuishi jirani na mimi, nitamwelewa. Nikiulizwa kwa nini niliidanganya kamati, nitajibu, na wakitaka kuniweka ndani, basi. Mama yako nimemwambia. Ameendelea kukaanga karanga zake, ila amenipakulia chakula kwanza leo, jambo ambalo hajafanya siku nyingi.

Wewe karatasi zako usiziogope. Mstari wako ni wa kweli, unaanzia Murusagamba, unapita Nyamigogo, umeandikwa vitabu viwili. Mwenye doa ni mimi. Usinibebee chuoni. Wenzako wakikuuliza baba yako ni mtu gani, sema lolote unaloweza kulisema bila kumeza mate, na kama halipo, nyamaza. Sitakasirika. Neno lile nililokuita nalifuta, ingawa najua halifutiki kwa kalamu.

Nilipanga kukubebea sanduku mpaka stendi. Nilikuwa nimekwisha kulisugua koti langu la Jumapili. Lakini basi lako linaondoka saa moja, na majina yanaanza kusomwa saa moja, na mimi ni mtu mmoja. Kwa hiyo mama yako ndiye atakayekusindikiza. Usinitafute dirishani, mama. Wakati basi linatoka Ngara, nitakuwa nimesimama mbele ya kambi nzima na koti langu la Jumapili, mbele ya Bibi Veronika, nikisema kwamba yule ni Bitegeko, kwamba ni wa kwake, na kwamba nilijua.

Baba yako,
Gervas